Mtupo wa Mwisho wa Saúl

Soacha, 6 Mei 2001

Mdogo wangu Misael,

Nakusalimu wewe na Mama, nikitumaini mnaamka salama huko kwenye baridi. Sisi ni wazima. Wasichana wangu wameanza shule, na mimi nimepata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa barabarani, pale malori yanapolala. Sabuni imenichuna vidole, lakini sifi.

Sasa nisikilize vizuri. Ni majuma saba tangu nimzike mume wangu, na nimeshapata barua tatu za wanaume wa Tobacía waliokuwa uwanjani Jumapili ile. Ramiro anasema alisikia bunduki akapiga kelele, "Saúl, lala chini!" Mzee Eliécer, mwenye uwanja, anasema alimsukuma kwa mikono yake miwili. Hernando wa bucha anasema alimrukia mmoja wa wauaji na chupa ya bia. Hernando! Mtu aliyekuwa akimkimbia bata mzinga wangu.

Kama wote walijua ni bunduki, na kama walimpigia kelele na kumsukuma, ilikuwaje akapigwa mgongoni amesimama wima, kisahani cha chuma cha kurusha kimeshamtoka mkononi? Aliyeosha maiti aliniambia: moja mgongoni, halafu mbili akiwa chini. Na wale wawili wengine waliouawa walipigwa baadaye kabisa. Kwa hiyo kuna muda ulipita. Mlikuwa mnafanya nini muda huo?

Wengine naweza kuwasamehe masikio yao. Wewe kazi yako ni kukunja karatasi za baruti zinazowekwa kwenye udongo wa mchezo wetu wa tejo ili kisahani kikitua kizilipue. Umezikunja tangu una miaka kumi na mbili. Mlio wa baruti unaujua kuliko mtu yeyote Tobacía, na ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwa shemeji yako. Niambie ukweli. Usinipunguzie.

Dada yako,
Gilma


Tobacía, 20 Juni 2001

Dada Gilma,

Shikamoo. Mama anakusalimu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia una plasta. Usishtuke, nitakueleza. Viazi mwaka huu ni vikubwa, mvua haikosekani, na ng'ombe wa Aurora, rafiki wa Mama, amezaa.

Mkono wa Mama nimeuvunja mimi. Jirani alikuwa akishusha mbao kwenye gari, zikaanguka zote kwa mpigo. Sikumbuki kufikiri. Nilimkamata Mama shingoni nikamtupa chini ya meza, nikamlalia juu. Mfupa niliusikia ukivunjika. Jirani alipoingia kuuliza kulikoni, nilimrushia jiwe la kusagia mahindi. Likamkosa kichwa kwa upana wa kidole, likatoboa mlango.

Mama alikuwa ananificha, dada. Miezi miwili sijatoka uani. Moyo unaanza kukimbia wenyewe, vidole vinakufa ganzi, naona kama hewa imekwisha nyumbani. Basi Mama akamfunga mbwa mdomo. Kuku akawahamishia kwa Aurora. Sufuria zote akazivisha matambara zisigongane. Watu wakija, anawarudisha getini. Alidhani ananisaidia, na mimi nilizidi kuoza.

Baada ya hilo jiwe, polisi walinipeleka hospitali ya mkoa. Daktari akanipa vidonge. Kisha nikapelekwa kwa dada mmoja, Yolima, mtaalamu wa kuwatibu watu kwa kazi na shughuli zao wenyewe. Nilitegemea dawa nyingine. Akanipa beseni la unga nikande.

Aliniuliza siku yangu ilikuwaje zamani, tangu kuamka hadi kulala. Nikamwambia: kuchemsha kahawa, kulisha kuku, kukunja karatasi, kuzipeleka viwanjani, Jumapili kucheza. Akauliza, "Katika hayo, sasa unafanya lipi?"

"Nakunywa kahawa."

"Unaichemsha wewe?"

"Mama."

Akamgeukia Mama. "Mama, kuanzia kesho kahawa anachemsha yeye. Mbwa afunguliwe. Na kuku warudi nyumbani."

"Wewe binti," Mama akasema, "una watoto?"

"Sina."

"Haya. Ndiyo maana."

Lakini kuku wamerudi. Naenda hospitali kila Jumanne na Ijumaa, naeleza, nakanda, naenda sokoni naye hatua kwa hatua, mpaka kwenye ngazi za kanisa tu, na kurudi.

Swali lako nimelisoma. Saúl alikufa haraka. Hakuteseka.

Mdogo wako,
Misael


Soacha, 8 Julai 2001

Misael,

Salamu. Mama apone upesi, na wewe upone taratibu. Hapo ndipo salamu zangu zinapoishia, nisamehe.

Haraka? Umejuaje hakuteseka, ulimtazama usoni? Nakuuliza mlifanya nini, wewe unanijibu alifanya nini. Mimi si mtoto.

Unafikiri mwili uliokwama ni wako peke yako. Jumamosi dereva mmoja wa lori, anajiona mchekeshaji, aliwasha fataki akaitupa chini ya karo langu. Nilikuwa nimeshika kikaango cha chuma. Nilimpiga nacho mdomoni, meno mawili yakadondoka kwenye supu ya mtu. Nikampiga tena. Alipoanguka nikampiga tena. Bosi alinitoa juu yake kwa kunivuta nywele, na bado mguu wangu ulikuwa unamtafuta. Unajua nilijisikiaje? Vizuri. Nililala vizuri siku hiyo kwa mara ya kwanza tangu Machi. Wasichana waliponiona na damu ya mtu kifuani walijifungia chooni, na huo ndio uchungu wangu, si meno ya yule mjinga.

Mimi hakuna anayenipa beseni la unga. Ninachotaka ni neno moja la kweli kutoka kwako. Unamlinda nani?

Dada yako,
Gilma


Tobacía, 12 Agosti 2001, Jumapili

Dada yangu Gilma,

Shikamoo. Mama yuko salama, plasta imetolewa, na ameshaanza kulalamika, kwa hiyo amepona. Barua hii itakuwa na siku nyingi ndani yake. Yolima amenipa masharti: niandike kidogo, nikianza kutetemeka niache, nikakande unga, nirudi. Ruhusa ya kuacha ninayo. Ruhusa ya kutorudi sina.

Leo naishia hapa.

Jumatatu

Yolima alinichorea ngazi ya vidato kumi. Chini kabisa: kukunja karatasi tupu. Kisha kukunja na mchanga badala ya baruti. Kisha kufunga mlango wa jiko kwa nguvu, mimi mwenyewe. Kisha baruti moja kulipuliwa ng'ambo ya mto, halafu karibu, halafu karibu zaidi. Juu kabisa niliandika uwanja wa Mzee Eliécer, nikacheka, maana nilijua sitafika.

Ananiambia hofu yangu ni kama mbwa wa ulinzi aliyepigwa na wezi. Sasa anambwekea hata mwenye nyumba. Nikikimbia kila anapobweka, anaamini alifanya vyema. Nikikaa, hatanyamaza mara moja, ila atachoka. Nimekaa sana, dada. Nimekaa nikiwa nimelowa jasho, meno yanagongana, yeye ameshika saa yake ananiuliza, "Sasa hivi ni ngapi kati ya kumi?" Tisa. "Sasa?" Nane. Tulifika kidato cha saba. Mlipuko wa hatua thelathini nilikuwa nausikia huku nakunja karatasi, na mikono haikusimama.

Jumanne

Siku timu ya taifa ilipochukua kombe, watu wote walikuja kutazama mechi kwa Aurora. Nilikwenda kwa miguu yangu. Fataki zilipigwa tangu saa nne asubuhi na nilizimudu zote, Mama ni shahidi. Kisha goli likaingia. Nyumba nzima ikapiga makofi na kupiga kelele kwa pamoja.

Niliporudiwa na akili nilikuwa nimemkalia Hernando kifuani, mikono yangu iko shingoni mwake, uso wake umekuwa wa zambarau. Watu wanne walihitajika kunibandua. Nilikuwa nimejikojolea. Nasikia nilikuwa napiga kelele neno moja tu: "Nyamazeni."

Yolima hakunigombeza. Alisema, "Mimi nimekosea, Misael. Nimekufanyisha mazoezi ya mlipuko, na kumbe shida si mlipuko. Kwa nini makofi?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza kitu ambacho jibu lake ninalo. Nikamjibu. Akauliza, "Na nani hujamwambia?"

Jumatano

Nimejaribu. Nimekanda unga mara mbili. Mama anasema tutakula mikate hadi Krismasi.

Ijumaa

Saúl alikuwa anarusha wa mwisho. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Alipiga hatua, akaachia, kisahani kikaenda juu vizuri sana, na wote tulikuwa tunakitazama kile kisahani. Hakuna aliyetazama geti. Kikashuka kwenye udongo, na hapo hapo ukalia mlipuko.

Ulikuwa risasi, dada. Ilitoka nyuma yetu. Na mimi ninayejua mlio wa baruti kuliko mtu yeyote Tobacía nilisikia baruti, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitaka.

Saúl akaanguka magoti. Unajua tabia yake, akilipua karatasi anapiga magoti kama yuko kanisani. Akapiga magoti, akalala kifudifudi. Tukashangilia. Watu ishirini, tulipiga makofi, tulirusha kofia. Ramiro akapiga mluzi. Mzee Eliécer akagonga kreti ya bia na fimbo yake. Hakuna aliyesema lala chini. Hakuna aliyemsukuma mtu.

Mimi nilimwendea nikicheka. Nilimgusa mbavuni kwa ncha ya buti. Nikamwambia, "Inuka, mlevi wewe, umetushindia." Akageuza uso akanitazama. Alitaka kusema kitu. Mimi nilikuwa bado nacheka, Gilma. Aliyaona meno yangu.

Kisha mtu mwenye kitambaa usoni akanipita, akanisogeza kwa kiwiko kama anavyosogezwa mtu kwenye foleni, akampiga zile mbili. Damu yake ilinirukia mdomoni. Ndipo makofi yakakatika. Wale wawili wengine waliitwa na wauaji kwa majina yao kutoka kwenye orodha, wakapigwa ukutani, mmoja mmoja. Hernando alikuwa chini ya benchi. Nami pia.

Huo ndio muda ulioniuliza. Hapo ndipo tulipokuwa.

Mdogo wako,
Misael


Soacha, 2 Septemba 2001

Barua yako niliisoma mara moja nikaitia kwenye jiko la mgahawa. Kisha nikavunja sahani kumi na moja, moja moja, kwa mpangilio, na bosi amenifukuza. Ulicheka. Ulimpiga teke. Usiniandikie tena, wala usimtume Mama aniandikie.

Gilma


Soacha, 25 Novemba 2001

Misael,

Hujambo. Mama hajambo? Sisi tuko hai.

Mwezi uliopita Nubia alirudi kutoka shule na alama nzuri, dada yake akampigia makofi. Nilimpiga Nubia kofi la uso hata sijajua nimeinua mkono. Damu ilitoka puani ikajaa daftari. Ana miaka kumi na tatu na ni sura ya baba yake. Hakulia. Alinitazama tu, akafuta daftari kwa kiwiko cha sweta. Nikatoka nje nikagonga kichwa changu ukutani mpaka majirani wakaja.

Yaani barua niliichoma, lakini ilishaniingia. Sasa na mimi siyawezi makofi.

Kituo cha afya kimenipa mtu wa kazi ile ile ya Yolima wako, bibi mmoja mnene, anavuta sigara mlangoni. Hakunipa unga. Aliniuliza Jumapili zangu zilikuwaje. Nikamwambia kwamba kwa miaka kumi na sita Jumapili nilikaa kwenye kreti tupu pale kwa Mzee Eliécer, nikisuka mikoba na kumtazama mume wangu akirusha kisahani, na kwamba Jumapili ile moja nilibaki nyumbani kwa sababu ya mafua. Mafua, Misael. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Yule bibi akasema nianze kusuka tena, Jumapili, dakika kumi. Nasuka na kulia, lakini nasuka.

Nina hasira na wewe bado. Sitaki kukudanganya. Nikikuona leo labda nitakuuma. Lakini wewe ndiye mwanamume peke yake wa Tobacía ambaye hakuniandikia uongo, au aliuandika akaufuta.

Swali langu ni moja. Mlishangilia risasi, sawa. Kisahani chenyewe je? Kililipua karatasi au hakikulipua? Kama kililipua, basi milio ilikuwa miwili kwa pamoja na mlishangilia kitu cha kweli. Kama hakikulipua, basi mlimpigia makofi muuaji. Nataka kujua. Nasikia Mzee alifunga uwanja kwa mnyororo siku ile ile na udongo haujaguswa. Nenda ukatazame. Usimtume mtu. Kwa macho yako.

Gilma


Tobacía, 10 Desemba 2001

Dada Gilma,

Shikamoo. Mimi na Mama hatujambo. Mkono wangu una bandeji, lakini si kitu, utaona.

Barua yako niliisoma nikaenda kumwonyesha Yolima. Alisema, "Hiki ndicho kidato cha kumi. Nilikuwa nimekipanga mwezi wa tatu." Nikamwambia dada yangu hawezi kusubiri mwezi wa tatu. Tukaenda jana, Jumapili, saa tano asubuhi, yeye na mimi. Mama alikataa kubaki. Alikuja na fimbo.

Mzee Eliécer alikuwa getini na ufunguo, na nyuma yake Ramiro, Hernando, na wengine kama kumi. Habari husafiri. Ramiro akasimama mbele yangu. "Waache wafu wapumzike. Unatafuta nini mle?"

"Kisahani cha Saúl."

"Na dada yako umemwambia nini?"

"Tulivyofanya."

Alinipiga ngumi ya jicho kabla sijafunga mdomo. Nilianguka kwenye mnyororo, kiganja kikachanika. Akanipiga teke la tumbo, akasema mimi ni mwanamke, nimewaaibisha wote, sasa mji mzima utajua. Zamani ningemuua au ningekimbia. Nilibaki pale chini nikihesabu pumzi, nikisema moyoni, hii ni tisa, hii bado ni tisa. Mama ndiye aliyemaliza. Alimpiga Ramiro fimbo ya goti, yule bwana mzima akakaa chini kama gunia. "Ulipiga mluzi," Mama akamwambia. "Sema." Ramiro akaziba uso kwa mikono yake miwili, akalia hadi mabega yakatikisika. Akasema, "Nilipiga mluzi." Hakuna aliyemcheka.

Niliingia. Ukuta una matundu, Gilma, nimeyahesabu saba. Damu ya waliouawa imekuwa rangi ya kahawa kwenye saruji, nyasi zimeota kwenye nyufa zake. Nilitapika mara moja. Yolima alisema, "Unataka kutoka?" Nikasema nitatoka nikimaliza. Kutoka pale aliposimama Saúl hadi kwenye udongo ni hatua ishirini. Zilinichukua, Yolima alipima kwa saa, dakika arobaini.

Udongo ulikuwa umekauka na kupasuka, umekuwa kama tofali. Nikaomba maji. Nikayamimina kidogo kidogo na kuukanda udongo kwa mikono, na damu ya kiganja changu ikiingia humo humo, na wanaume wote wamesimama nyuma yangu. Nilizipata karatasi zote nne. Ni za mkono wangu, nazijua mikunjo yake. Zimepauka, zimeshika unyevu, lakini ni nzima. Hakuna hata moja iliyolipuka.

Kwa hiyo jibu la swali lako ndilo hilo. Mlio ulikuwa mmoja, wa bunduki. Tulimpigia makofi muuaji, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote. Nilitaka kusimama nikuandikie hivyo hivyo. Yolima akasema, "Lakini kisahani bado hujakiona."

Kilikuwa katikati ya ile pete ya chuma iliyozikwa kwenye udongo, dada. Ndani kabisa. Kimesimama kwa ukingo, kimepita kati ya zile karatasi nne bila kugusa hata moja. Wewe unajua hesabu. Karatasi ikilipuka ni pointi tatu. Kisahani kikiingia katikati ya pete ni sita, na Saúl katika miaka kumi na sita hakuwahi kuipata, aliitafuta Jumapili zote ulizokaa kwenye kreti. Jumapili ile aliipata. Haikutoa mlio wowote. Yeye alikuwa anaitazama, macho yake hayakuwahi kubanduka pale, na risasi ilimkuta akiwa ameshaiona. Nafikiri hilo ndilo alilotaka kuniambia.

Mzee Eliécer alikuja kutazama. Akavua kofia. Akaenda kwenye ubao ambao bado una pointi za Machi, akaandika sita kwa chaki. Wanaume walisimama tu. Hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Nilijua wanafikiri nini, na walikuwa wananiogopa mimi.

Mama akaanza kupiga makofi. Peke yake, polepole, kwa ule mkono uliounga vibaya. Moyo wangu ulikwenda hadi kumi, na nikasimama nao hapo hapo. Kisha wengine wakaanza. Kisha na mimi.

Mdogo wako,
Misael